Mchezo wa RPG kwa Kiswahili: nina kurasa 60 za ulimwengu, sina meza iliyoucheza. Nianzie wapi?

Mvushaji_Ntebe aliuliza:

Ndugu zangu, salaam.

Naandika mchezo wa RPG wa mezani kwa Kiswahili, yaani mchezo ambao kila mchezaji anaigiza mhusika wake na msimulizi anaongoza hadithi. Unafanyika katika falme za kubuni zilizozunguka ziwa kubwa, na wahusika ni wavushaji wanaobeba watu, mizigo na siri kutoka kisiwa hadi kisiwa. Mswada ulivyo leo: kurasa 60 za A4 za historia ya koo, miungu na vita; sifa 9 za namba kwa kila mhusika; dadu ya pande 20; majedwali matatu ya mapigano. Wachezaji wanne wako tayari, wote Kampala, na wawili kati yao hawajawahi kugusa mchezo wa aina hii.

Naomba ushauri wa vitendo. Dadu ya pande 20 haipatikani kwenye duka la kawaida, nitumie nini? Nijenge juu ya kanuni za D&D (Dungeons and Dragons, RPG maarufu ya Kiingereza) au nitunge zangu, na sheria inasemaje? Majaribio yafanywe vipi ili yasaidie kweli? Na nikitaka nakala 100 za kuuza mkononi, kijitabu kiweje ili kisiharibikie kwa mchapaji?

---

Mweso64 (Jinja) alijibu:

Ssebo, anza na dadu, maana ndiyo itakayokuamulia mengine. Watu wanacheza ludo kila mtaa, kwa hiyo dadu mbili za pande 6 wachezaji wako wanazo tayari. Jenga juu ya hizo.

Utaratibu ninaokushauri ni ule ulioenezwa na Apocalypse World ya Vincent na Meguey Baker, 2010: rusha dadu mbili, jumlisha, ongeza sifa ya mhusika. 10 au zaidi umefanikiwa. 7 hadi 9 umefanikiwa lakini kuna gharama. 6 au pungufu, msimulizi anasema kilichoharibika. Michezo mingi mno imejengwa hivyo, na sababu iko kwenye hesabu. Dadu mbili zina michanganyiko 36, na inagawanyika hivi (kushindwa, gharama, kufanikiwa):

Sifa 0: 15, 15, 6
Sifa +1: 10, 16, 10
Sifa +2: 6, 15, 15
Sifa +3: 3, 12, 21

Angalia safu ya katikati. Kutoka 0 hadi +2 haitikisiki, na hapo katikati ndipo hadithi inapozaliwa: umevuka, ila mzigo umelowa. Kwenye +3 inaanza kusinyaa. Kwenye +4 kushindwa kunabaki mchanganyiko 1 kati ya 36, na msimulizi hana tena cha kufanya. Basi waanze na sifa kati ya −1 na +2, na kilele kiwe +3 baada ya vikao kadhaa.

Sifa 9 ni nyingi. Tuseme meza ya watu wanne inarusha dadu mara 30 katika kikao kimoja. Kila sifa inapata wastani wa mara tatu na kidogo, kwa watu wote wanne kwa pamoja. Maana yake mchezaji atakuwa na sifa kadhaa asizozigusa kikao kizima, na mgeni ataona karatasi yake imejaa vitu visivyo na kazi. Chukua nne. Kwa wavushaji ningeandika Kasia, Jicho, Ulimi na Moyo.

Ukishikilia pande 20, kuna njia ya karata za kawaida, zile za mchezo wa matatu. Toa J, Q, K na joka zote, zibaki karata 40 za A hadi 10. Chomoa moja na urushe dadu moja: ikitoka witiri unasoma karata ilivyo, ikitoka shufwa unaongeza 10. Unapata 1 hadi 20 kwa usawa kamili. Sharti ni karata irudishwe na zichanganywe kila mara. Ukiziacha chini, uwezekano unabadilika kadiri mchezo unavyoendelea. Inafanya kazi, ila ni polepole mno kwa mapigano.

Kwa vitu vya kuhesabu, kama nguvu au akiba ya chakula, ubao wa omweso, bao letu la Uganda, una mbegu 64. Zinatosha watu wanne, mbegu 16 kila mmoja.

---

Karani_wa_Nakasero alijibu:

Upande wa sheria, tenganisha mambo mawili: utaratibu wa mchezo na maneno uliyoyaandika.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda ya 2006 hailindi wazo, dhana wala mbinu. Hivyo "rusha dadu mbili ongeza sifa" si mali ya mtu. Kinacholindwa ni jinsi ulivyokieleza: sentensi zako, picha, ramani, mpangilio. Ulinzi huo unaanza pale unapokiandika, hausubiri usajili, na unadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ni hiari, ila kunakupa ushahidi siku ukigombana na mtu.

Kuhusu D&D, kuna milango mitatu na watu huichanganya.

Wa kwanza ni SRD 5.1, yaani kanuni za msingi bila hadithi. Mwanzoni mwa 2023 kampuni ya Wizards of the Coast ilitaka kubadili leseni ya zamani, OGL, iliyokuwepo tangu 2000. Mashabiki na watunzi walipinga kwa nguvu, na mwezi huohuo wa Januari kanuni hizo zikawekwa chini ya Creative Commons BY 4.0. Leseni hiyo haifutiki. Unaruhusiwa kutafsiri kwa Kiswahili, kubadilisha na kuuza. Wajibu wako ni kunukuu tamko la chanzo lililomo kwenye hati yenyewe, na kusema kama umebadilisha. Hupati haki ya nembo yao, wala ya ulimwengu wao kama Forgotten Realms.

Wa pili ni DMs Guild, soko la mtandaoni lililofunguliwa 2016. Huko unaweza kutumia ulimwengu wao, lakini unapata asilimia 50 ya mauzo, na ulichokiweka huko huwezi kukiuza pengine. Mtunzi mwenye ulimwengu wake mwenyewe asipite mlango huu.

Wa tatu ni sera yao ya kazi za mashabiki: unaweza kutumia vitu vyao vingi, mradi usitoze hata shilingi na useme wazi kuwa kazi si rasmi.

Kwako wewe, sioni faida ya D&D. Kutafsiri kanuni za uchawi na silaha ni kazi ya miezi, na mtumbwi wako hauhitaji hata robo yake. Ingekuwa tofauti kama wachezaji wako wote wangekuwa wamekulia kwenye D&D.

Jambo moja zaidi. Ukimlipa mchoraji, andikianeni karatasi moja hata kama ni ndugu yako: picha ngapi, bei gani, nusu inalipwa lini, nani anamiliki, na unaruhusiwa kuitumia wapi (kitabu tu, au pia fulana na bango). Ugomvi mwingi wa watunzi wadogo unatoka kwenye hilo neno la mwisho.

---

Mwalimu_Arua alijibu:

Ndugu Mvushaji, wenzangu wamesema ya dadu na sheria. Mimi nitakaa kwenye lugha, kwa sababu kanuni zikitafsiriwa neno kwa neno toka Kiingereza mchezaji wa Kiswahili anapotea, hata kama kila neno analijua.

Tazama kanuni hii, ya aina inayoandikwa mara nyingi:

"Mchezaji anaweza kufanya jaribio la ujasiri ili kuvuka ziwa. Zaidi ya 10 ni mafanikio. 7 hadi 9 ni mafanikio ya sehemu. Chini ya 6 ni kushindwa."

Kuna makosa manne humo. "Zaidi ya 10" inaanza na 11, kwa hiyo 10 yenyewe haina jibu. "Chini ya 6" inaanza na 5, kwa hiyo 6 nayo imeanguka. Mtu akirusha 10 kwenye kikao cha kwanza, mchezo unasimama na ubishi unaanza. Andika "10 au zaidi" na "6 au pungufu", kila ukurasa, bila kubadilisha. Kosa la tatu: "anaweza" inaonyesha ni hiari, kumbe ulitaka iwe lazima kila mtu anapovuka. La nne: "mafanikio ya sehemu" haimwambii msimulizi aseme nini.

Sasa iandike hivi:

"Unapovuka ziwa usiku, rusha dadu mbili, ongeza Kasia. 10 au zaidi: mmefika, na kila kitu kipo. 7 hadi 9: mmefika, lakini chagua moja: mzigo umelowa, mtu amewaona, au huu si ufuo mliokusudia. 6 au pungufu: msimulizi anasema ziwa limedai nini."

Kiswahili kimetupa zana nzuri hapo. Tumia "-po-" kwa tukio linaloamsha kanuni (unapovuka, unapodanganya, unapojificha), na "-ki-" kwa sharti la ndani (ukiwa na taa, ukisaidiwa). Ukilishika hilo tangu ukurasa wa kwanza, msomaji atajua kwa sikio tu kwamba "unapo-" maana yake shika dadu. Na kiambishi "a-" hakina jinsia, kwa hiyo hutahangaika na yule mwanamume na yule mwanamke.

Vitu vidogo vinavyokwamisha: usiandike "zamu inaenda kulia", andika "zamu inaenda mkono wa kulia". Chagua neno moja kwa kitu kimoja. Ukiita "pigo" ukurasa wa 3 na "jeraha" ukurasa wa 7, watu watadhani ni vitu viwili. Saa za ndani ya mchezo ziwe za Kiswahili, saa mbili usiku, na useme hivyo mapema, kwa sababu wapo watakaosoma kwa saa ya simu.

Halafu ukumbuke kwamba hapa Uganda wengi Kiswahili wamekisikia zaidi kuliko walivyokisoma. Sentensi ya kanuni isizidi maneno ishirini hivi. Ijaribu kwa sikio: mtu mmoja asome kanuni mara moja kwa sauti, mwingine asiyeiona karatasi aieleze kwa maneno yake. Akiikosea, usimsahihishe. Sahihisha karatasi.

---

Mvushaji_Ntebe:

Asanteni sana. Nimepunguza sifa ziwe nne na nimechukua dadu za ludo. Mwalimu, nimekuta "zaidi ya" mara 22 kwenye mswada. Swali jipya: kwenye zile kurasa 60 kuna miungu niliyoijenga kutokana na Wachwezi, watawala wa kale wa mapokeo, na hadithi ya Kiganda ya Kintu, mkewe Nambi na Walumbe, yaani Kifo, ndugu wa Nambi. Kuna tatizo?

---

Mwalimu_Arua alijibu:

Hadithi za mapokeo hazina mtunzi mmoja wa kukudai. Lakini kuna watu ambao kwao jambo hili si hadithi. Mti wa Nakayima pale Mubende watu bado wanauendea kwa maombi, na visiwa vya Ssese ni makao ya Mukasa, mungu wa ziwa, kwa wanaomwamini. Ukimpa Walumbe idadi ya nguvu, umeshasema anaweza kuuawa na wachezaji wenye mikuki, na ile maana ya kifo kisichoshindwa imekwisha. Ukitaka ladha hiyo, chukua umbo la hadithi (ndugu asiyealikwa aliyefuata nyuma kwa sababu mtu alirudi kuchukua nafaka ya ulezi ya kulisha kuku) na umpe jina lako na sura yako. Jina halisi likibaki, libaki nyuma ya pazia, lisipewe takwimu.

---

Meza_ya_Mbale alijibu:

Nnyabo au ssebo, kuhusu majaribio: hesabu raundi tatu, na ya tatu ndiyo yenye thamani.

Raundi ya kwanza unasimulia mwenyewe. Hapa unapima kama mchezo una raha, basi. Ya pili, mwingine anasimulia kwa kusoma mswada wako, wewe umekaa pembeni na kalamu, mdomo umefungwa. Ya tatu haupo chumbani kabisa. Unampa mtu kijitabu na dadu, anarudisha majibu. Kilichokuwa kichwani mwako na hakikufika kwenye karatasi kitaonekana raundi hiyo, na kwa kawaida ni kitu kikubwa: mchezo unaanzaje, nani anaongea kwanza, kikao kinaishaje.

Katika raundi ya pili andika mambo matatu tu: dakika waliyokwama, ukurasa waliourudia, na kanuni waliyoibuni wenyewe kwa sababu hawakuiona yako. La tatu ni dhahabu. Meza mbili tofauti zikibuni kanuni ileile, iingize.

Baadaye usiulize "mmeipenda?" Watu wetu wana heshima, watakwambia ni nzuri sana. Uliza: "Ulipokwama pale mtoni ulifanya nini?" "Sifa ipi hukuitumia?" "Ukimweleza rafiki mchezo huu, utasemaje?" Jibu la swali la mwisho likitofautiana na unavyouelewa mchezo wako, ukurasa wa kwanza haujafanya kazi.

Meza iwe ya wachezaji watatu au wanne na msimulizi. Anza saa nane mchana, maliza saa kumi na moja jioni, watu wawahi taksi kabla ya msongamano. Karatasi za wahusika zichapwe, zisiwe za kwenye simu. Betri itaisha na umeme utakatika. Kabla ya kuanza, tenga dakika tano za mipaka. Mbinu ya Lines and Veils ya Ron Edwards inatosha: mambo yasiyoingia kabisa, na mambo yanayotokea bila kuonyeshwa. Weka katikati ya meza karatasi yenye X, kama alivyopendekeza John Stavropoulos. Anayeigusa, tukio linarukwa, hakuna anayeuliza kwa nini. Mchezo wako una kuzama majini, na kuna atakayekaa mezani amempoteza mtu ziwani. Usiliruke hili.

Walio mbali wachezeshe kwa maandishi kwenye Telegram. Ukituma alama ya dadu peke yake, programu yenyewe inatoa namba 1 hadi 6 mbele ya wote. Tuma mbili. Inakula data kidogo sana kuliko kuongea kwa sauti. Kundi la matangazo liwe moja, na kila meza iwe na lake. Zikichanganywa, anayetafuta tarehe ya kikao anakuta ujumbe 300 wa hadithi, anatoka.

Mashabiki wakianza kutunga visiwa vyao wenyewe, ndipo mchezo wako umeshika. Uwaruhusu kabla hawajauliza. Ukurasa wa 2 andika: "Unaruhusiwa kutunga na kuuza visiwa, wahusika na safari za mchezo huu. Taja jina la mchezo. Usinakili kurasa zake nzima." Ruhusa isipoandikwa, waungwana wataogopa na wasio waungwana wataendelea.

---

Mkunjo_NasserRd alijibu:

Ya uchapaji.

Kijitabu cha A5 kinatoka kwenye A4 iliyokunjwa, kwa hiyo kurasa lazima zigawanyike kwa 4. Kurasa 16 ni karatasi 4, na kwa anayeanza huo ndio ukubwa. Nakala 100 zinakula karatasi 400. Rimu moja ina 500, na zile 100 zilizobaki ni za kuharibika. Zitaharibika baadhi. Jalada ni manila 100 za A4, zihesabu peke yake.

Karatasi ya nje ina ukurasa wa 16 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 15 upande wa pili. Usipange kwa mkono, mwachie LibreOffice, programu ya bure, au chaguo la kijitabu kwenye programu ya kuchapa. Kosa linaloua kazi ni hili: mashine ikichapa pande mbili, igeuzwe kwa ukingo mfupi. Wakiacha ukingo mrefu, kila ukurasa wa nyuma unatoka kichwa chini. Lipa nakala moja, ikunje mbele ya mchapaji, isome yote, ndipo useme chapa mia.

Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo, kwa sababu mkunjo uko karibu sentimita 15 ndani. Tafuta yenye mkono mrefu. Ukikosa, fungua stepla yako, weka karatasi juu ya boksi la katoni, piga pini mbili ndani ya mstari wa mkunjo, chomoa na ukunje miguu ya pini kwa kijiko.

Pambizo sentimita 1.5 pande zote, maandishi pointi 10 kushuka usiende. Rangi ya kijivu nyuma ya maandishi usiweke: mashine ya fotokopi inaigeuza madoa meusi na kanuni haisomeki. Michoro iwe ya mistari. Fonti chukua Noto, leseni yake inaruhusu biashara. PDF ya kusambaza ibaki chini ya MB 10, watu wanapakua kwa bando.

Kuuza nje, Kickstarter haina Uganda kwenye orodha ya nchi za waandaaji, usipoteze muda. itch.io inakuachia uamue mwenyewe asilimia unayowapa, na ya kuanzia ni 10. Fungua akaunti ya kupokelea pesa na uijaribu kabla ya kutangaza tarehe. Mkononi, namba ya MoMo au Airtel Money kwenye ukurasa wa mwisho inatosha.

---

Mvushaji_Ntebe:

Kurasa 16, basi. Na zile 60 za historia nizitupe?

---

Mweso64 alijibu:

Usizitupe, zipondeponde. Dadu zako mbili zipe rangi tofauti: nyekundu isome makumi, nyeupe mamoja. Unapata 11, 12, 13 hadi 66, vipengele 36 vyenye uwezekano sawa. Hiyo ni kurasa mbili za A5. Pitia mswada, na kila historia igeuze iwe tetesi moja ambayo mvushaji angeisikia gatini leo. Vita vya miaka 200 iliyopita visiwe tarehe, viwe kitu kinachoonekana au mtu anayetaka kitu. Kwa mfano:

31. Mtumbwi umerudi bila mvuvi, na nyavu zilizochanika zimefumwa upya.
32. Ukoo wa Ngege unalipa mara mbili kwa atakayewavusha bila kuuliza kilichomo kwenye ngoma.
33. Kisiwa cha tatu hakiwashi moto tena. Moshi unaonekana chini ya maji.
34. Mfalme wa zamani alizikwa na kasia. Kuna mtu analiuza sokoni.

Kila tetesi iwe na swali ambalo meza italijibu, na jibu usiliandike. Likikuuma kuliacha, liweke kwenye daftari lako. Ukipata 36, chezesha kikao kwa kurusha tatu tu kati ya hizo, na uweke alama kwenye zile ambazo wachezaji hawakuzifuata.